Makindu: nilifuata chapati, nikakuta kitabu kinacholazwa kitandani

Nianze na kukubali makosa. Kwa miaka kama sita hivi dini ya Makalasinga, yaani Masikh, mimi nilikuwa naijua kwa tumbo tu. Wale mnaopanda basi za Nairobi kwenda Mombasa mnajua nachosema, ushapita Sultan Hamud, ushapita Emali, jua linakuchoma upande mmoja wa uso, alafu unaona mlingoti mrefu umevishwa kitambaa cha rangi ya chungwa toka chini mpaka juu na bendera ya pembe tatu inapepea. Hapo ndo Makindu. Unavua viatu, unafunga kitambaa kichwani, unaosha mikono, unashika sinia la chuma lile lenye vyumba vyumba, unakula. Chapati, dengu, wali, mboga, chai ya maziwa. Hakuna wa kukuuliza wewe ni nani wala kabila gani, na bili hakuna. Gurudwara yenyewe, ndo nyumba yao ya ibada, ilijengwa 1926 na Makalasinga waliokuwa wafanyakazi wa reli, ile iliyoanza kujengwa pale Mombasa 1896. Hiyo ni stori nyingine ndefu, leo siifuati.

Mimi nilikuwa nakula, nasema ahsante, napanda basi. Ukumbi wa ibada sikuwahi hata kuchungulia.

Sasa mwaka jana wakati wa mvua basi letu likagoma. Gia zilikataa kuingia, dereva akajaribu weee, tukafika Makindu tunajikokota kama kobe, magharibi ishaingia, tukaambiwa basi lingine litakuja asubuhi. Wengine wakalala kwenye viti. Mimi na jamaa wawili tukaenda gurudwara tukaomba pa kulala, tukapewa chumba bila maswali, ila mzee wa pale mlangoni akanitazama mfuko wa shati akasema kwa upole tu, "kijana, hiyo ibaki nje". Sigara! Pakiti ilikuwa inachungulia na mimi sijui kabisa kwamba tumbaku kwao ni mwiko mkubwa, haiingii pale hata ikiwa imefungwa. Nilirudi mbio nikamwachia makanga wa basi anishikie, na mpaka leo ananishikia.

Tulipomaliza kula nikasikia muziki. Hamonia na tabla. Mimi mtoto wa Mombasa, nimekulia kwenye harusi za taarab, masikio yakanivuta yenyewe. Nikaingia ukumbini, watu wamekaa chini kwenye zulia, hakuna kiti hata kimoja, wanaume upande huu na wanawake upande ule, na mbele kabisa kuna kama kitanda kidogo chenye mito, juu yake chandarua cha kitambaa chenye nakshi, na juu ya ile mito kuna kitabu kikubwa kimefunikwa vitambaa vya kung'aa. Nyuma ya kitabu amekaa mtu na mgwisho mweupe, anaupunga taratibu juu ya kitabu, na ni mgwisho kweli, kama ule Mzee Kenyatta alikuwa haachi nyumbani. Kila anayeingia anaenda mbele anapiga magoti anagusisha paji la uso chini.

Nikajiambia aha, kumbe hawa wanaabudu kitabu. Kaeni na hilo, nitalirudia.

Ikafika wakati muziki ukanyamaza, wakasoma sala fupi ya kulalia, wakasimama wote wakaomba dua mikono imekutanishwa kifuani. Alafu yule mzee akafunga kitabu. Sikilizeni lakini jinsi alivyokifunga. Alikunja vitambaa kimoja kimoja kama mtu anayemfunika mtoto mchanga asije akaamka, akakizungushia shuka safi, akatandika kitambaa juu ya kilemba chake, akakibeba kichwani. Kichwani, si kwapani! Mtu mwingine anatembea nyuma anapunga mgwisho, waliokaa wote wamesimama, wengine wanaimba chinichini, wakapita naye mpaka kwenye chumba cha pembeni. Mlango ulikuwa wazi, nikachungulia (naomba radhi, udaku ni ugonjwa). Mle ndani kuna kitanda. Kitanda cha kweli, kina mito, kina shuka iliyopigwa pasi, kina blanketi. Wakakilaza kitabu, wakakifunika, wakatoka kinyumenyume bila kukipa mgongo.

Na mimi nilivyorudi chumbani kwangu nikalala na shati langu la safari.

Alfajiri, hata adhana ya huko mjini Makindu sijaisikia, nikaamshwa na maji yanamwagika bafuni. Watu wanaoga saa kumi usiku na baridi ile ya baada ya mvua. Nikatoka. Kitabu kilikuwa kinarudi, kichwani vilevile, wakakiweka juu ya mito, wakafungua vitambaa, alafu msomaji akakifungua popote pale tu kilipofunguka, akaanza kusoma kuanzia juu upande wa kushoto. Watu wamenyamaza kama wanasubiri matokeo ya mtihani. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba hayo maneno ya mwanzo yanaitwa hukam, ni amri ya siku hiyo, ndo Guru ameshasema.

Tukapewa kitu cha moto mkononi, inabidi uunganishe viganja viwili upokee ukiwa umekaa. Kinaitwa karah prasad, ni unga wa ngano, samli na sukari kwa kipimo sawa, na maji. Kwetu Pwani tungesema ni halua ambayo haijakaza. Tamu hatari, ila samli inakuachia viganja vinang'aa na huna pa kufutia, nikaona wenzangu wanasugua mikono tu na mimi nikasugua.

Nilivyofika Nairobi nikaenda moja kwa moja kwa mzee wangu. Karibu na duka ninapouza spea kuna gereji ya Kalasinga mmoja, fundi wa injini za dizeli, mteja wangu wa zamani sana na Kiswahili chake kizuri kuliko cha wengi wenu humu. Jina simtaji, ameniambia andika maneno mimi niache. Nikamwambia shikamoo mzee, mbona nyinyi mnakilaza kitabu kama mtu?

Akacheka akaweka spana chini. "Kwa sababu ni mtu," akasema. Alafu akajirekebisha, "si mtu, ni Guru. Na Guru ni mwalimu. Mwalimu wako akija kwako usiku, utamwacha alale mezani?"

Hapo ndo nikaanza kuelewa kidogo kidogo, na ilichukua vikombe vingi vya chai. Kwanza hili jina. Kalasinga ni jina letu sisi, husimuliwa kwamba limetokana na mfanyabiashara wa zamani aliyeitwa Kala Singh, wao wenyewe wanajiita Sikh na maana yake ni mwanafunzi. Mwanafunzi lazima awe na mwalimu. Walimu wao wa damu na nyama walikuwa kumi, wa kwanza Guru Nanak, aliyezaliwa 1469 huko Punjabi, mji ambao leo uko Pakistani na unaitwa Nankana Sahib kwa heshima yake. Wa tano, Guru Arjan, ndo alikusanya maandiko yakawa kitabu kimoja, kikawekwa Amritsar 1604, miaka miwili baadaye akauawa Lahore. Wa tisa alikatwa kichwa Delhi 1675. Wa kumi ni Guru Gobind Singh, watoto wake wa kiume wanne wote walikufa kwenye vita na mateso ya wakati ule, na yeye mwenyewe alipokuwa anakaribia kufa kule Nanded mwaka 1708 hakumchagua mtu. Alisema kuanzia leo Guru ni kitabu. Akakiinamia yeye mwenyewe kwanza.

Kwa hiyo zile heshima zote, mgwisho, chandarua, kubebwa, ni zile ambazo zamani mfalme au mwalimu mkubwa alikuwa anapewa. Hawajabuni mpya, wamezihamisha tu. Nikamuuliza mzee, sasa mnakiabudu? Akakunja uso. "Kuabudu ni Mungu. Karatasi na wino hatuabudu. Tunayoinamia ni maneno." Alafu akaniambia kitu ambacho sijakisahau, kwamba wao hawasemi "ukurasa" wa Guru Granth Sahib, ndo jina la kitabu chenyewe, wanasema ang, yaani kiungo cha mwili, kama mkono au mguu. Viungo 1430, na nakala yoyote iliyopigwa chapa utakayofungua, iwe Makindu au London au Amritsar, neno lililo kwenye kiungo cha 700 ni lilelile. Kikichakaa hakitupwi wala hakizikwi, kinachomwa moto kwa heshima, vile wanavyofanya kwa maiti wao.

Na kinaanza na nini hicho kitabu? Si herufi, ni namba. Moja. Kitu cha kwanza kabisa kwenye kiungo cha kwanza ni tarakimu 1, alafu alama ya Mungu mbele yake, inasomwa Ik Onkar. Mungu ni mmoja. Alafu inafuata sentensi moja ya sifa, jina lake ni kweli, ndiye muumbaji, hana hofu, hana chuki, hapitwi na wakati, hakuzaliwa. Hapo kwenye "hakuzaliwa" nikashtuka, manake mimi nimekaa madrasa, sura ya kwanza kwanza unayokaririshwa ukiwa mtoto ina maneno ya hivohivo. Sisemi dini ni moja, msinianzie vita. Nasema nilishtuka.

Na si hapo tu. Mle ndani hakuna mashairi ya Maguru peke yao. Kuna ya Sheikh Farid, huyo ni Mwislamu kabisa, sufi wa Punjabi. Kuna ya Kabir aliyekuwa mfumaji wa nguo, kuna ya Ravidas fundi wa ngozi, watu ambao matabaka ya India ya wakati ule hayangewakaribisha hata kwenye baraza. Mzee alitoa simu akanitafutia kiungo cha 1349, shairi la Kabir, akanisomea polepole: "Awwal Allah noor upaya, kudrat ke sab bande." Rudia tena, nikamwambia. Awali, Allah, nuru, kudura. Mimi sijui Kipunjabi hata neno moja lakini huo mstari nilielewa zaidi ya nusu nikiwa nimekaa juu ya tairi la lori. Kwanza Mungu aliumba nuru, na kwa kudura yake viumbe wote wametoka humo, sasa nani mwema nani mbaya.

Kila siku ya mzee huyu inaenda hivi. Anaamka kabla ya alfajiri, anaoga kwanza, hiyo lazima hata kama maji ni ya barafu, anasoma Japji Sahib ya Guru Nanak, ina beti 38 na inachukua kama dakika ishirini ukiwa huna haraka, alafu sala zingine mbili tatu fupi. Akitoka hapo ndo gereji. Magharibi anasoma Rehras, akiwa amechelewa kazini anaisikiliza kwa simu huku anajipangusa grisi. Kabla ya kulala ni Sohila, ile ile niliyoisikia Makindu kumbe. Katikati ya siku ukimkuta anafungua nozeli midomo inacheza, usidhani anaongea peke yake, anataja jina la Mungu, Waheguru, Waheguru. Kwao hiyo ndo nguzo ya kwanza, kulikumbuka jina. Ya pili ni kula jasho lako halali. Ya tatu kugawana ulichopata. Nikamuuliza kufunga? Hakuna. Kuhiji? Si lazima. Mapadri? Hawana, kuna msomaji tu, na msomaji anaweza kuwa mwanamke.

Nguzo ya pili ina hekaya ambayo mimi kama mtu wa stoo niliipenda kupita kiasi. Guru Nanak kabla hajaanza kuhubiri alikuwa karani wa ghala huko Sultanpur, kazi yake kupima nafaka. Anahesabu vipimo, moja, mbili, tatu, akifika kumi na tatu anakwama. Kwa lugha yao kumi na tatu ni tera, na tera pia ni "chako". Basi anaanza kusema tera, tera, tera, chako Mungu wangu, chako, chako, huku anapima tu na kumwagia watu nafaka hesabu ishampotea. Wambea wakaenda kumshtaki kwa mwenye mali kwamba ghala linaliwa. Ukaguzi ukafanywa, hakuna hata kibaba kilichopungua. Nimehesabu breki pedi miaka tisa mimi na kila mwisho wa mwezi kuna pungufu.

Zile K tano, vitu vitano vya kuvaa mwilini ambavyo majina yake kwa lugha yao yanaanza na K, nitazipitisha haraka kwa sababu ndo kitu pekee ambacho kila mtu anaandika. Nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, jambia dogo, na kaptura ya ndani. Zilikuja 1699 pale Anandpur, Guru wa kumi alipoanzisha Khalsa, jumuiya ya Masikh waliokula kiapo, na wanaume wakachukua jina Singh, simba, wanawake Kaur, ili jina la ukoo lisikutangazie tabaka. Jina la kwanza lenyewe mtoto anapewa kwa kufungua kitabu, herufi ya kwanza ya hukam ndo jina lianzie hapo, na halina uke wala uume, kaka na dada wanaweza wakaitwa sawa kabisa. Nikamuuliza mzee bangili si inakusumbua kazini, akaigonga kwa spana ikalia ngʼaa. "Inanikumbusha mkono huu unafanya nini," akasema, "nikitaka kukuwekea spea mbovu inalia." Nilimwangalia. Nikakumbuka ni mimi ndo nauza spea.

Turudi kwenye chakula sasa. Mimi siku zote nilikuwa naita ile ya Makindu sadaka, yaani matajiri wanalisha masikini na wasafiri. Mzee hakulipenda hilo neno. Langari, ndo jina lao la kile chakula cha pamoja, si sadaka, ni ibada, akasema, na kuna tofauti, sadaka inatoka juu inaenda chini. Langari mnakaa mstari mmoja, kimo kimoja, chakula kimoja. Ilianza na Nanak mwenyewe, na Guru wa tatu, Amar Das, akakaza sheria kwamba kwanza kaa mstarini ule, ndo uje tuonane. Wanasimulia hata Akbar, mfalme wa Mughal aliyekuwa anatawala sehemu kubwa ya India, alipofika kumwona alikaa chini akala na watu. Fikiria mwenyewe, nchi ambayo mtu wa tabaka la juu hawezi kunywa maji kwenye kikombe alichogusa wa chini, unaambiwa kaeni bega kwa bega mle kutoka sufuria moja, aliyepika hamumjui. Hiyo chapati ilikuwa siasa kali. Na ndo maana haina nyama, si kwamba Makalasinga wote hawali nyama, wapo wanaokula, ila pale jikoni kipikwe kitu ambacho hakuna mtu atakayesema mimi dini yangu hainiruhusu.

Pesa zinatoka wapi? Kila mmoja anatakiwa atoe sehemu ya kumi ya anachopata, na asiye na pesa anatoa mikono. Kuosha masinia, kupanga viatu, kufagia. Inaitwa seva. Niliona Makindu bwana mmoja ana saa ya bei ya gari langu anapangusa viatu vya wasafiri kwa kitambaa, viatu vyetu sisi, vya matope.

Sasa mwezi uliopita nilikuwa namrudisha mama Mombasa baada ya kliniki. Yeye ndo alikuwa na mashaka siku zote, kila nikimsimulia swali lake ni lile moja, "Na nyama yao yachinjwa na nani?" Nikimwambia mama hakuna nyama, anasema hmm. Tukashuka. Kitambaa cha kichwa hakuhitaji, mtandio wake ulitosha, wale wamama wa mlangoni wakamwangalia kwa furaha kama amefaulu kitu. Akala chapati mbili, akaonja dengu akaniambia pembeni kwamba chumvi iko sawa ila wangetia ukwaju kidogo, alafu nikaenda chooni kurudi simwoni.

Alikuwa jikoni. Amekaa mkekani na wamama watatu wa Kipunjabi, beseni kubwa la thomu katikati, wanamenya, na wanabishana kwa Kiswahili kama tangawizi ya chai inapondwa au inakunwa. Mama anasema inapondwa, na ganda lake. Mmoja wao anasema bibi yake aliyezaliwa Kisumu alikuwa anakuna. Nikamwambia mama twende, basi linaondoka. Akasema naja. Dereva akapiga honi mara ya kwanza, ya pili, abiria washaanza kunitazama madirishani kwa jicho baya. Honi ya tatu mama akainua mkono bila kugeuka, "Ngoja mwanangu, nimalize hizi punje nne."